Fizi za Mpiga Tarumbeta wa Kikula

Ninyi mnaoanza kazi ya meno, chekeni kwanza tumalize: hizi ni kumbukumbu za mstaafu, na mstaafu mwenyewe ana miaka thelathini na minane. Aliyestaafu hasa ni mkono wangu wa kulia, mimi nimeufuata tu. Miaka kumi na miwili ya kukwangua meno ya watu wa Likasi ilibana mshipa wa kiganja, vidole vitatu vikaanza kufa ganzi. Mtu asiyesikia ncha ya chuma chake hana ruhusa ya kukiingiza chini ya ufizi wa mwenzake. Kwa hiyo nimeweka vyuma chini, na kabla sijasahau nawaandikia mambo ambayo hayakuwa kwenye madaftari yangu ya chuo kikuu.

Sikuwa mtu wa kuamini haraka, na bado sijapona ugonjwa huo. Chuoni profesa mmoja aliniomba nikae safu ya nyuma kabisa, labda kwa kutumaini kwamba maswali yangu yangechoka njiani kabla ya kumfikia. Nilipoingia katika kabine yetu ya meno, chumba kimoja nyuma ya zahanati, nilikuwa na diploma, koti jeupe jipya, na mashaka juu ya kila kitu kilichokuwemo. Humo nilimkuta Maman Ngoie. Alikuwa muuguzi, hakuwa na digrii yoyote, na alikuwa ameanza kutibu fizi kabla mimi sijazaliwa. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkuu wake. Hiyo karatasi hakuna aliyemsomea.

Wiki ya kwanza nilimuuliza sababu ya kila kitu. Juu ya nini unaanza na meno ya chini? Juu ya nini maji ya chumvi yawe ya vuguvugu? Siku ya nne alifungua mlango akawaambia wagonjwa waliokuwa kwenye benchi:

"Bantu ya Mungu, leo muko na bahati. Papa Juu-ya-nini amefika. Mumujibu yeye mbele, minye nitatengeneza meno nyuma ya majibu."

Jina likakaa. Hata leo nikipita mtaa wa Kikula kuna watu wazima wanaoniita hivyo, na hawajui kama nina jingine.

Jambo lililonitatiza kuliko yote ni miswaki. Maman Ngoie hakutazama kinywa cha mtu kabla hajatazama mswaki wake. Kila aliyefika mara ya kwanza alirudishwa nyumbani akauchukue. Basi watu wetu, kwa heshima waliyokuwa nayo kwake, wakawa wanafanya kosa ambalo sijasikia kwingine: waliona haya kumwonyesha mama wa watu mswaki uliochakaa, wakapitia sokoni, wakanunua mpya, wakaulowanisha bombani ili ufanane na uliotumika. Mmoja, mwalimu wa hesabu, aliusugua wake ukutani njia nzima.

"Hii njo yako?" Maman Ngoie angeuliza.

"Njo yangu, Maman."

"Tangu lini?"

"Ooh, siku mingi."

"Siku mingi, na haina hata harufu ya kinywa? Rudia ku nyumba, papa. Lete ile muzee. Minye sitafuti mswaki muzuri, niko natafuta yenye kusema kweli."

Mimi niliona ni maigizo. Nilikuwa na kijiti cha kupimia, kile chembamba chenye mistari ya milimita, ambacho unakiteremsha taratibu kati ya jino na ufizi. Ufizi wenye afya unakumeza milimita mbili, tatu, kisha unakusimamisha. Ufizi mgonjwa umeachana na jino, umefanya kifuko, na kijiti kinazama tano, sita, saba. Hicho ndicho kipimo. Mswaki ungeniambia nini?

Nikaamua kumjaribu bila kumwambia. Kwa wiki kadhaa, kila mara aliposhika mswaki na kusema, "Huyu ataumwa kuume, nyuma," niliandika pembeni ya daftari, kisha nikapima mwenyewe. Sitawapa takwimu, maana sikufanya utafiti, nilifanya ukaidi. Nawaambia tu kwamba niliacha kuandika kwa sababu ya aibu. Nywele za mswaki zikilala upande mmoja na kusimama wima upande wa pili, mtu huyo hafiki huo upande wa pili, na ndipo ufizi umevimba. Nywele zikitawanyika kama jani la mnazi lililopigwa na mvua, anatumia nguvu za kufulia jeans, na utakuta ufizi umerudi nyuma, mizizi iko uchi. Mswaki wa mwaka mzima unaofanana na wa dukani nao una habari zake.

Halafu aliwasimamisha kwenye sinki, kila mmoja na mswaki wake, apige meno, yaani ayasugue, mbele yake. Watu wazima, mababu wenye tai. "Fanya kama uko ku nyumba, minye siko hapa." Kumbe alikuwepo sana. Alikuwa akiushika mkono wao, anaulaza mswaki ili nywele zielekee pale jino linapoota kutoka kwenye ufizi, kisha anautetemesha kidogo kidogo, meno mawili kwa mawili, nje, halafu ndani kwenye ulimi, ambako hakuna mtu anayekumbuka. Aliwafundisha wengi zaidi kwa dakika tano za sinki kuliko mimi kwa michoro yangu ya rangi. Nyie mna simu zenye video. Zitumieni, lakini mshike na mkono wa mgonjwa.

Kuhusu vyuma, sikilizeni. Kireti, kile chuma chenye ncha iliyopinda kama kucha ya kuku, kikiwa butu kinakufanya ubonyeze, na ukibonyeza unaumiza mgonjwa na unaanza safari yangu ya kupoteza kiganja. Maman Ngoie alinoa vyake kila asubuhi kwa jiwe na tone moja la mafuta, kisha anajaribu makali juu ya bomba tupu la sindano ya plastiki. Kikishika, ni kikali. Kikiteleza, rudi kwenye jiwe. Mimi nilinoa siku za Jumatatu, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyosema. Tazameni nani bado ana vidole.

Tuliwahi kupata mashine ya kukwangulia, ile inayotetemeka na kumwaga maji. Nilifurahi kama mtu aliyeletewa gari. Lakini mnajua umeme wetu: bwawa la Mwadingusha liko hapo si mbali, maji yanaanguka mchana kutwa, na bado taa zilichagua kuzimika mgonjwa akiwa na mdomo wazi. Siku moja nilimsubirisha mwanamke mmoja kwenye kiti, mashine imekufa mkononi mwangu, nikimweleza habari za teknolojia. Kwenye kiti cha pili Maman Ngoie alimgeuza mgonjwa wake aelekee dirishani, akafumba macho, akaendelea kwa mkono.

Ndiyo, alifumba macho. Nikamuuliza juu ya nini.

"Kuja usikie."

Alinipa kireti chake, mkono wake juu ya wangu. Ukoga ule laini ukiachwa siku nyingi unaganda juu ya jino, unakuwa ugaga, jiwe hasa, na unateremka hadi chini ya ufizi ambako jicho halifiki. Palipo na ugaga chuma kinakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Ukiisha, kinateleza na kulia kama kidole kwenye sahani iliyooshwa. Nilifumba macho yangu, nikasikia kipande kilichobaki, kidogo kuliko punje ya mtama. Nilikuwa na mashine, taa na diploma, na kipande hicho ningekiacha pale kiendelee kuchoma ufizi.

Nami nilikuwa na makosa yangu mwenyewe, hayakuhitaji umeme. Fundi mmoja wa kujenga nilimkwangua kinywa chote kwa mkao mmoja, kwa juhudi ya kijana anayetaka kumaliza. Siku tatu hakuweza kula bukari, ugali wetu. Akazunguka mtaa mzima akisema kuna dokta wa univ anachimba hadi mfupa, labda anatafuta shaba. Kwa wiki mbili benchi letu lilikuwa tupu. Gawanyeni kinywa mara nne, robo kwa robo, na mwachieni mtu upande wa kutafunia.

Na akina mama wajawazito! "Kila mimba inakula jino moja," ndivyo wanavyoambiana, na fizi zinapovimba na kutoka damu wanakaa wakingojea jino lao liondoke, kama kodi. Maman Ngoie hilo lilimkasirisha kuliko yote. "Mutoto hakule meno," alisema. "Anakula bukari yako na usingizi yako, basi. Meno inakulwa na ile uliacha kupangusa." Lakini alijua pia kuuliza kwa nini wameacha, na jibu lilikuwa rahisi: harufu ya dawa ya meno iliwatapisha. "Acha dawa. Piga na maji tu, saa ile tumbo imetulia." Ndivyo wengi walivyookoka, kwa maji matupu. Vitabu vyangu vilikuwa na sura nzima juu ya homoni, na hakuna aliyekuwa amefikiria harufu.

Sasa niwaambie habari ya Papa Mukendi, kwa sababu kila ninachojua juu ya fizi kimo ndani yake.

Alikuja asubuhi moja, mtu mrefu wa asili ya Kasai, karani mstaafu, amevaa koti na amebeba kisanduku cha tarumbeta kwapani. Alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia yao, tangu ujana. Hakuna arusi wala mazishi ya watu wa parokia ile ambayo hakupuliza. Alikaa, akafungua kisanduku, akatoa ambushuri, kile kikombe kidogo cha shaba kinachobandikwa mdomoni, akatuonyesha ndani. Kulikuwa na damu iliyokauka.

"Jumapili mu misa," alisema, "niliikaza kidogo juu ya noti ya juu, nikasikia meno inatembea. Meno yangu mwenyewe, dokta, iko inatembea mu kinywa kama bageni. Fasi ingine balisema batang'oa meno ine ya mbele."

Nilipima. Meno manne ya juu ya mbele, vifuko vya milimita sita na saba, usaha kidogo ukitokeza nikibonyeza, na mawili ya kati yalicheza chini ya kidole changu. Nikampa jibu la kitabu, au nilichodhani ni jibu la kitabu: tung'oe, tuweke ya bandia.

"Na meno ya plastiki nitapiga?"

"Labda. Watu wengine wanajifunza upya."

"Niko na miaka makumi sita na saba, mwanangu. Nitajifunza upya lini?" Kisha akasema kilichomleta hasa. Rafiki yake Papa Banza, aliyepiga ngoma kubwa pembeni yake tangu walipokuwa vijana, alikuwa mgonjwa wa figo, na madaktari walikuwa wameacha kumdanganya. "Tuliahidiana. Ule atakufa mbele, mwenzake atamupigia ku kaburi. Yeye ngoma, minye tarumbeta. Sasa njo nitamupigia na nini? Na filimbi ya arbitre wa mpira?"

Maman Ngoie alimsogelea mzee. Aliyasukuma meno yake kwa ncha za vidole viwili, moja moja, taratibu, mara ya pili na ya tatu. Kisha akauliza swali lake.

"Mswaki iko wapi?"

Papa Mukendi alikuwa na mpya mfukoni, bila shaka. Akarudishwa. Alikuja na wa zamani mchana, na nywele zake zilisimama wima zote kama askari kwenye gwaride. Zaidi ya mwaka alikuwa nao.

"Weye haupigi meno, papa."

"Nilikuwa napiga. Ikaanza kutoka damu, nikaacha. Mama yangu alikuwa anasema damu njo nguvu ya muntu, usiimwange bure. Nikawa nasukutua na chumvi tu."

Andikeni hili mahali mtakapoliona kila siku, kwa sababu ndilo linalopoteza meno mengi kuliko peremende. Damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa pale na ufizi umewaka. Mtu anaona damu, anaogopa, anapaacha. Ukoga unaongezeka, damu inaongezeka, anazidi kupaacha. Chumvi inatuliza, haisugui. Maman Ngoie alimsimamisha kwenye sinki, akamfanya apige pale pale panapotoka damu. Sinki likawa jekundu na mzee akawa mweupe.

"Leka itoke, acha tu," alimwambia. "Piga polepole, kila siku, asubuhi na mbele ya kulala. Siku kumi, uniambie kama bado iko nyingi vile."

Kwangu alisema, mzee alipotoka nje: "Hatung'oi."

"Mfupa umeshakwisha nusu, Maman. Haurudi."

"Najua haurudi. Ile nusu yenye kubakia, juu ya nini tuitupe?"

Ilikuwa mara ya kwanza yeye kunirudishia neno langu.

Tulimsafisha kwa mikao minne. Yeye alifanya ya mbele mwenyewe, macho yamefumbwa. Kisha tukayafunga meno yale manne na mawili ya pembeni yake pamoja kwa waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, tukizungusha jino kwa jino, ili yaliyo imara yashike yaliyo legevu. Na tarumbeta ikapigwa marufuku miezi mitatu. Maman Ngoie hakuamini ahadi ya mwanamuziki. Alinyoosha mkono akapewa ambushuri, akaitia kwenye droo yake, chini ya pamba.

Baada ya wiki sita nilitegemea fizi za rangi ya waridi. Nilipata fizi zilizovimba bado, na damu nikigusa. Mswaki wake, na alileta wa kweli, ulikuwa umechakaa vizuri, sawasawa pande zote. Maman Ngoie aliuzungusha mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona mswaki umemnyamazia. Akakasirika.

"Papa Mukendi, uko unapiga tarumbeta kwa kufichama. Uliazima ambushuri ya mwenzako."

"Maman, naapa."

"Usiape na kinywa ya namna hii. Fizi haikudanganyi, na haitanidanganya minye."

Mzee aliinamisha kichwa. Watu wa benchi walikuwa wanasikia yote, mlango ulikuwa wazi. Akaomba ruhusa atoke kidogo, akarudi, akaomba maji ya kunywa, akanywa kikombe, akaomba cha pili. Dakika chache baadaye akaomba tena ruhusa.

"Juu ya nini unatoka hivyo, papa?" niliuliza.

"Uzee, dokta. Kukojoa tu. Hata usiku mara tano, mara sita."

"Na kiu hii tangu lini?"

"Mwaka, zaidi. Bibi yangu anasema niko nakunywa kama radiateur ya kamio, ile lori nzito."

"Na hiyo suruali, mbona umeifunga kwa kamba?"

Alitazama kiuno chake kama vile ndio kwanza anakiona. Nikamwandikia kipimo cha sukari, akaenda maabara palepale, na majibu yalipokuja yalikuwa juu, juu sana. Sukari ikijaa katika damu, ufizi hauna nguvu ya kupigana wala ya kupona. Ungeweza kumkwangua mtu yule hadi chuma kikaisha, asingepona. Tena mambo haya yanakwenda pande zote mbili: fizi zilizooza nazo zinafanya sukari iwe ngumu kutulia. Nilikuwa nimelijua hili tangu mwaka wa tatu wa chuo. Nilikuwa nimelijibu katika mtihani. Na siku ya kwanza, mtu anakaa mbele yangu na koti linalomning'inia, sikuuliza. Mimi, Papa Juu-ya-nini.

Ningependa mkumbuke alichofanya Maman Ngoie baada ya hapo, kuliko mnavyokumbuka jambo lolote juu ya vifuko na milimita. Angeweza kunyamaza, nani angemdai? Alitoka hadi kwenye benchi, mbele ya watu wale wale, akasimama mbele ya Papa Mukendi.

"Asubuhi nilikuita mwongo, na bantu balisikia. Sasa basikie na hii: minye njo nilikosa. Ulikuwa unasema kweli. Unisamehe, papa."

"Maman, acha tu, mimi..."

"Hapana, haiko acha tu. Nilijua mswaki, sikujua muntu." Akanigeukia. "Na weye, swali yako ya leo ilikuwa na kazi. Zile zingine zote, tutaona."

Tangu siku ile kila mwenye fizi zisizopona tulimuuliza juu ya kiu, kukojoa na nguo zinazopwaya, na tukamtuma kupima. Ni Maman Ngoie aliyeliweka swali hilo, kwa mwandiko wake, kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya sinki.

Hospitali ilianza kumtibu Papa Mukendi sukari. Mkewe alimwondolea soda na chai ya vijiko vitano, akampunguzia bonge la bukari, akamwongezea sombe ya majani ya muhogo na samaki wa Kapolowe. Polepole fizi zikaanza kukaza. Vifuko vya saba vikawa vitano, vya sita vikawa vinne. Nilikuwa nimepanga kuongeza mwezi mmoja wa marufuku, kwa usalama, ndipo Papa Banza akafariki.

Papa Mukendi alikuja asubuhi iliyofuata akiwa na macho mekundu, hakubisha hodi.

"Tunazika kesho. Maman, nimekuja kuchukua kitu yangu."

Nilisema hapana kabla Maman Ngoie hajajibu. Nilieleza: mfupa ni nusu, waya unashika kwa upande lakini haushiki mgandamizo wa shaba, noti moja ya juu inatosha kuyalaza meno ndani. Kila neno lilikuwa sahihi. Mzee alinisikiliza kwa adabu, kisha akamtazama Maman Ngoie.

"Kitabu yako inasema nini juu ya tarumbeta?" aliniuliza Maman Ngoie.

"Haisemi kitu."

"Bon. Basi tutapima."

Alimkalisha akapima upya jino kwa jino, nami nikiandika. Akayasukuma kwa vidole, akafumba macho. Najua alichokuwa anapima, kwa sababu nami nilikuwa nakipima: meno ya mtu tuliyoyapigania kwa miezi, upande mmoja, na upande wa pili neno alilompa rafiki. Tukikosea, hatapiga tena, wala hatatafuna.

Akafungua droo.

"Wimbo moja," alisema. "Noti ya chini, haina ya juu. Usikaze, weka midomo mbele, ifanye kazi yake. Ukisikia jino moja inatikisika, unasimama, hata kama ni katikati ya Mungu Baba."

"Nasikia, Maman."

Kesho yake tulifunga kabine, tukaenda makaburini wote wawili. Fanfare ilikuwa imejipanga, ngoma kubwa imewekwa chini, hakuna mtu nyuma yake. Jeneza liliposhuka, Papa Mukendi alijongea ukingoni. Hakuikandamiza tarumbeta. Aliiegesha tu mdomoni, kama mtu anayejaribu chai ya moto, na sauti ikatoka chini, pana, bila kutetemeka. Wimbo wenyewe unajulikana na kila mtu wa parokia, una sehemu ya kupanda, na ndiyo niliyokuwa naiogopa. Hakupanda. Aliishusha sauti badala yake, akapita kwa chini, na wanawake waliokuwa wanalia walinyamaza wakamsikiliza. Maman Ngoie hakuwa anatazama kaburi wala watu. Alikuwa anatazama mdomo wa juu wa mzee, bila kupepesa.

Mzee alipomaliza, hakwenda kwa wafiwa. Alikuja moja kwa moja kwetu, tarumbeta mkononi, akasimama mbele ya Maman Ngoie katikati ya umati, akafungua kinywa.

Watu waligeuka. Mtoto mmoja wa marehemu alikunja uso. Maman Ngoie alitoa kitambaa cheupe kwenye mkoba, akakizungushia kidole, akapitisha juu ya ufizi wote wa mbele, polepole, kutoka kuume hadi kushoto, kisha akasukuma jino la kati, na la pili yake.

"Ngisi gani, Maman, iko muzuri?" aliuliza mzee.

"Funga kinywa. Enda pa kupa bafiwa mikono."

Akaenda. Maman Ngoie alikikunjua kitambaa, akakigeuza upande huu na huu juani, nami nikasogea nione. Kilikuwa na mate tu.